Hesabu ya Umeme

Umeme upitao katika waya hauonekani kwa macho, wala haupimwi kwa pishi au kwa mizani. Hata hivyo waweza kuhesabiwa, na mwenye kuijua hesabu yake hujiepusha na hatari ya moto.

Fikirini pipa la maji lililowekwa juu ya mnara, na bomba litokalo chini yake. Pipa likiinuliwa zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Bomba likiwa jembamba, maji hupita kwa shida. Umeme nao ni vivyo hivyo. Msukumo wake hupimwa kwa volti. Wingi wa umeme upitao kwa kila sekunde huitwa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Kule kuzuiwa kwake ndani ya waya huitwa ukinzani, na kipimo chake ni omu.

Jina hili la omu latokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani, mwana wa fundi wa makufuli. Alipokuwa mwalimu wa shule katika mji wa Köln alichukua nyaya za urefu mbalimbali, akapima mkondo upitao katika kila mmoja. Aliona ya kuwa waya ukirefuka, mkondo hupungua. Na msukumo ukiongezwa, mkondo huongezeka kwa kadiri ile ile, maadamu joto la waya halibadiliki. Mwaka 1827 aliyaandika hayo katika kitabu, lakini wataalamu wengi wa kwao hawakumkubali. Alivumilia, na mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani kwa kazi hiyo.

Kanuni yake ni hii: gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Iko na kanuni ya pili: zidisha volti kwa ampea, utapata wati, ambazo ni kipimo cha nguvu zitumiwazo.

Haya, tufanye hesabu. Nyumba nyingi za Kenya hupata umeme wa volti 240. Tuseme pasi yavuta ampea 5. Ukigawanya 240 kwa 5, ukinzani wake ni omu 48. Ukizidisha 240 kwa 5, nguvu zake ni wati 1,200. Birika la umeme lavuta ampea 10. Ukinzani wake ni omu 24 tu, na nguvu zake wati 2,400. Basi mwaona: ukinzani ukipungua nusu, mkondo huwa mara mbili, na nguvu huwa mara mbili pia.

Sasa mtu akichomeka pasi na birika pamoja katika waya mmoja ulioandikwa ampea 13, jumla ni ampea 15. Waya huo hubebeshwa kupita kiasi chake. Mkondo ukiwa mara mbili, joto katika waya huwa mara nne. Mpira wake waweza kuyeyuka, na nyumba ikashika moto. Kwa sababu hiyo hutiwa fyuzi, uzi mwembamba ukatikao mkondo unapozidi mno. Mtu aiondoaye fyuzi na kuweka kipande cha waya mnene mahali pake amemfukuza mlinzi wa nyumba yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka, someni maandishi yaliyo juu ya chombo, mkahesabu. Hesabu ndogo huokoa nyumba nzima.