Motokaa Isiyotii Usukani: Jinsi ya Kutambua Ugonjwa Wake Kabla ya Kununua Vipuri



Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo linalowasumbua vijana wengi wenye motokaa za mbio. Motokaa iliyokuwa ikishika njia vizuri, baada ya kuteremshwa chini kwa springi fupi, huanza kuyumba, kurukaruka, au kuteleza kwenye kona. Mwenyewe hajui kilichoiharibu. Hununua kipuri hiki leo na kile kesho, hata fedha zikaisha na ugonjwa ukabaki pale pale. Twataka kuonyesha ya kuwa ugonjwa wa motokaa hutafutwa kama tabibu atafutavyo homa: kwanza huuliza, kisha hupima, ndipo atoapo dawa.

Mtu akitaka kuliona jambo hili kwa macho yake, na aende Dar es Salaam, katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani. Jina la Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliolichukulia jeshi la Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918. Mahali palipoitwa kwa jina la wachukuzi, leo pana maduka ya vipuri vingi, na miongoni mwavyo ni vile vinavyochukua uzito wa motokaa: springi, shokapu, bushi na bolijointi. Lakini mitaa hiyo hiyo imejaa watu. Wasukuma mikokoteni, akina mama wenye vikapu, watoto watokao shule, na mabasi ya mwendo kasi katika Barabara ya Msimbazi, wote hupita karibu karibu. Motokaa inayohama njia hata hatua mbili tu mahali kama hapo haikosi mtu wa kumgonga. Kwa hiyo habari hii si ya mchezo wa vijana peke yake.

Mfano wa kijana na motokaa yake

Tutoe mfano. Kijana mmoja ana Toyota Altezza, motokaa iliyotengenezwa Japani tangu mwaka 1998 hata 2005, inayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma. Ameikata springi zake ili ipendeze kwa kuwa chini. Tangu siku hiyo, akikata kona kulia na barabara ikiwa na bonde dogo, mkia wa motokaa hurushwa nje ghafula. Rafiki mmoja akamwambia, "Ni shokapu." Akanunua shokapu mpya. Mwingine akasema, "Ni matairi." Akanunua matairi mapana. Wa tatu akamshauri anyooshe magurudumu kwa mashine, naye akafanya. Mkia ungali ukirushwa. Je, kosa lilikuwa wapi? Kabla ya kujibu, na tujifunze kwanza kazi ya kila kiungo.

Kazi nne

Springi huchukua uzito. Shokapu haichukui uzito. Kazi yake ni kuituliza springi isichezecheze baada ya kubonyezwa. Mikono ya chuma, pamoja na bushi na bolijointi zake, hulishika gurudumu lielekee panapotakiwa. Na tairi ndilo pekee liigusalo barabara. Viungo hivi vinne ni kama mafiga ya jiko: ukilisogeza moja, chungu chote huinama.

Tena lipo jambo moja la tairi lisilojulikana na wengi. Tairi likitwishwa mzigo maradufu, nguvu yake ya kushika barabara huongezeka, lakini haifiki maradufu. Kwenye kona uzito huhamia magurudumu ya upande wa nje. Upande wa mbele au wa nyuma ukiwa mgumu kupita kiasi, tairi la nje la upande ule hutwishwa sehemu kubwa zaidi ya mzigo, nalo huwa la kwanza kushindwa na kuteleza.

Springi iliyokatwa

Watu wengi hudhani kukata springi ni kuifupisha tu. Sivyo. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata 1 hubaki 5, nayo huzidi ugumu kwa asilimia 20. Huku imekuwa ngumu, nafasi ya gurudumu kupanda nayo imepungua. Juu ya shokapu kipo kipande cha mpira kilichowekwa ili chuma kisigonge chuma. Motokaa ikikaa chini sana, mpira ule huguswa katika kila tuta na kila kona. Ukiguswa, ni kana kwamba springi imegeuka jiwe. Na gurudumu linaponing'inia, springi fupi huweza kulegea na kutoka katika kiti chake, nayo ni hatari kubwa.

Tena magurudumu huinamia ndani kwa juu, hata matairi yakaliwa ukingo wa ndani huku ule wa nje ungali mzima. Na fimbo za usukani hupoteza ulingano na mikono ya chini. Hapo kila gurudumu lipandapo tuta hujigeuza lenyewe kidogo, ijapokuwa dereva hakuugusa usukani.

Motokaa kama Subaru Impreza ina ajabu nyingine. Mbele imejengwa kwa mtindo ulioitwa kwa jina la mhandisi wa Marekani, Earle S. MacPherson: shokapu yenyewe ndiyo nguzo ya gurudumu kwa juu, na mkono mmoja hulishika kwa chini. Ukiteremsha mpaka ncha ya mkono iliyo upande wa gurudumu ikawa juu kuliko ncha ya ndani, bodi huweza kulala zaidi kwenye kona kuliko zamani. Mwenyewe alitaka isilale, kumbe ameizidishia.

Dalili na maana zake

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kila ugonjwa wa motokaa una wingu lake.

Ikivutwa upande mmoja katika njia iliyo sawa, tazama kwanza upepo wa matairi. Upepo ukiwa sawa, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto. Mvuto ukihamia upande wa pili, mgonjwa ni tairi. Ikivutwa wakati wa kufunga breki tu, chunguza breki na bushi za mikono.

Ikitangatanga katika njia iliyonyooka, huenda magurudumu yanatazama nje kwa mbele, au fimbo ya usukani imelegea. Ikijigeuza kila ipandapo tuta, tazama ulingano wa fimbo zile na mikono.

Pua ikienda mbele moja kwa moja hali usukani umekatwa, magurudumu ya mbele yameshindwa. Mkia ukirushwa nje, ya nyuma ndiyo yaliyoshindwa, na huu ndio ugonjwa wa hatari zaidi, kwa maana humshitua dereva akafunga breki, na breki humzidishia.

Ikipita tuta na kuchezacheza mara mbili tatu, shokapu imekufa. Ikigonga "ko, ko" katika njia mbovu, tafuta bushi, bolijointi, au viungo vya stabilaiza.

Utaratibu wa kupima

Yatupasa kuanza na lisilo na gharama, kisha kupanda ngazi moja moja.

Kwanza, matairi. Pima upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Motokaa nyingi zilizotoka Japani zina kibandiko penye nguzo ya mlango wa dereva. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu zasomeka. Kilopaskali 220 ni karibu sawa na 32 ya vipimo vya wajaza upepo wetu. Angalia matairi yawe ya ukubwa unaotakiwa. Tazama pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokauka kwa uzee halishiki, hata kama meno yake ni marefu.

Pili, vilivyolegea. Inua motokaa kwa jeki, uiweke juu ya vigingi vya chuma. Kamwe usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, bolijointi au beringi imekwisha. Lishike kushoto na kulia. Likicheza, tazama fimbo za usukani.

Tatu, kimo. Weka motokaa mahali pa sawasawa, upime kutoka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Kulia na kushoto visipolingana, springi hazikukatwa sawa.

Nne, nafasi ya shokapu. Funga uzi kwa kukaza katika mti wa shokapu unaong'aa, kisha uendeshe polepole katika njia yako ya kawaida. Ukirudi, tazama uzi ulisukumwa hata wapi. Ukiukuta umebanwa penye mpira, basi motokaa ile haina nafasi tena.

Tano, na mwisho, ndipo upeleke kunyoosha magurudumu. Kunyoosha motokaa yenye bushi zilizokufa ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Na bushi zikifungwa, bolti zake zikazwe motokaa ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hukaa umejisokota na kuchanika upesi.

Katika kazi hii yote, badili jambo moja kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike katika daftari. Ukibadili matatu pamoja na motokaa ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Ikizidi kuugua, hutajua sumu ilikuwa ipi. Wala usijaribu barabarani kwenye watu. Tafuta uwanja mpana usio na mtu, kwa ruhusa ya mwenyewe, uzunguke duara kwa mwendo mdogo, ukiongeza kidogo kidogo. Ukilazimika kuzidi kukata usukani ili ubaki katika duara, mbele kunashindwa. Ukilazimika kuulegeza, nyuma kunashindwa. Hapo acha mara moja.

Jibu la mfano wetu

Sasa na tumrudie kijana wetu. Fundi mmoja mtu mzima hakumwuzia kitu. Alimwuliza, "Hutokea kona zote, au ya kulia tu? Penye bonde, au hata penye tambarare?" Kijana akajibu, "Ya kulia tu, penye bonde." Fundi akajua: kona ya kulia huulemea upande wa kushoto. Akapima kimo, nyuma kushoto palikuwa chini kuliko kulia kwa milimita 15. Akafunga uzi katika shokapu ya kushoto. Ukasukumwa mpaka kwenye mpira. Springi ile ilikuwa imekatwa kupita mwenzake. Kila kona ya kulia motokaa ilikalia mpira badala ya springi, na bonde lilipoongeza uzito kidogo, tairi likashindwa. Dawa ilikuwa springi mbili nzima za nyuma, za kimo cha kiwandani, kisha kunyoosha magurudumu. Shokapu mpya na matairi mapana havikuwa na kosa lo lote. Havikuwa dawa ya ugonjwa ule tu.

Hatusemi kwamba kijana asiitengeneze motokaa yake apendavyo. Ziko springi fupi zilizoundwa kwa kazi hiyo pamoja na shokapu zake, nazo, zikitiwa kwa vipimo, zaweza kuifaa. Twasema tu kwamba anayebadili kiungo kimoja amebadili vyote vinne, nayo yampasa kuvipima vyote. Springi hukatwa kwa dakika kumi, lakini anayevuka Msimbazi na mtoto mkononi hakuulizwa kama amekubali.

Basi motokaa yako ikiyumba, usikimbilie dukani. Simama, uliza, pima, andika. Kwaherini, hata mazungumzo yetu yajayo.