Simu ya 'praiveti namba': ipokee, lakini usitaje lori lilipo

Dereva yuko Nimule, anasubiri karatasi za forodha. Simu inalia. Kioo hakionyeshi namba, kinaonyesha tu kwamba ni 'praiveti namba'. Sauti inasema: "Dereva, mimi ni mtu wa yule bosi wa Gurei. Umefika wapi? Umebeba nini? Unaondoka saa ngapi?" Ajibu au akate?

Swali hilo si dogo. Kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, na magari yamewahi kushambuliwa njiani mara kadhaa. Mwaka 2021 madereva wa Kenya na Uganda waligoma kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa barabarani. Kwa mtu mwenye nia mbaya, habari ya lori liko wapi ina thamani kama mzigo wenyewe.

Kwa upande mwingine, mwenye duka wa Gurei, pembezoni mwa Juba upande wa magharibi, hawezi kufanya biashara bila kugawa namba yake. Dereva mgeni akishaacha barabara kuu huelekezwa kwa simu mpaka mlangoni. Kwa hiyo ni vizuri kujua namba hufichwa vipi, na kuficha huko kunakinga nini.

Kitabu cha simu hakipo, namba ipo kila mahali

Enzi za simu za mezani, aliyetaka kuficha namba yake aliomba isichapishwe katika kitabu cha simu. Simu za mkononi hazikuja na kitabu hicho. Hata hivyo, namba yako imo katika simu za wateja na madalali, imeandikwa kwenye mlango wa lori, na kila aliyemo katika kikundi chenu cha WhatsApp anaweza kuiona.

Aidha, zipo programu zinazotaja jina la mpigaji hata kama hujamhifadhi. Inayojulikana zaidi ni Truecaller, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2009. Jina lako linaweza kuwemo humo hata kama wewe huitumii. Usipotaka, ingia katika tovuti ya programu hiyo uombe namba yako iondolewe.

Namba hufichwa vipi?

Unapopiga simu, namba yako husafiri pamoja na simu hiyo hadi kwa unayempigia. Ukitanguliza #31# kabla ya namba unayopiga, mtandao huweka alama kwamba namba yako isionyeshwe. Alama hiyo ni ya simu moja tu. Ukitaka kujua kama laini yako imewekwa kuficha namba wakati wote, piga *#31#.

Mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, si kila kampuni inaruhusu huduma hii, na namba iliyofichwa hapa inaweza kuonekana ikishavuka mpaka. Jaribu kwanza kwa simu ya rafiki. Pili, ujumbe mfupi na WhatsApp havifichwi kwa njia hii. Tatu, namba haijafutwa. Kampuni ya simu inaijua na kumbukumbu inabaki, hivyo anayetukana au kutisha watu kwa 'praiveti namba' anaweza kutafutwa kwa kufuata sheria.

Mpaka unachanganya mambo

Sudan Kusini ilipewa namba yake ya nchi, +211, mwaka 2011. Kabla ya hapo, laini za Zain na MTN mjini Juba zilitumia +249 ya Sudan, na zile za Gemtel zilitumia +256 ya Uganda. Watu wawili waliokuwa mtaa mmoja waliweza kuonekana kama wako nchi mbili. Hata sasa dereva mwenye laini ya +256 au +254 anaweza kukupigia akiwa Gurei kwenyewe, na mwenye +211 akawa Kampala.

Simu za kimataifa nazo hupitia kampuni kadhaa, na njiani namba huweza kupotea au kubadilika. Kwa hiyo namba isiyoonekana haimaanishi kwamba mpigaji ni mwizi, huenda ni mteja wako wa siku nyingi. Vilevile namba inayoonekana si ushahidi, kwa kuwa wapo matapeli wanaoweza kuighushi. Kwa kifupi, namba ya simu si kitambulisho.

Ufanye nini?

- Uwe na laini mbili: moja ya kuandika kwenye mlango wa lori na kuwapa madalali, nyingine ya mwenye mzigo, wakala wa forodha na nyumbani tu.
- Kabla ya safari, kubalianeni neno la siri. Asiyelijua asiambiwe mahali, mzigo wala saa ya kuondoka. Utingo naye aambiwe hivyo.
- Ukitilia shaka, kata simu, kisha piga wewe namba uliyoihifadhi tangu mwanzo. Usipige ile aliyokupa mpigaji.
- Unapoulizia bei kwa dalali usiyemjua, tumia #31#. Mkielewana, mpe namba ya kazi.
- Kabla ya kutuma pesa kwa simu, soma jina linalotokea. Lisipolingana na la mwenye mzigo, simamisha malipo.

Tukirudi kwa dereva wetu wa Nimule, apokee simu, asikilize, kisha ajibu kwa heshima: "Asante ndugu, nitampigia bosi mwenyewe." Kama kweli ni mtu wa bosi, hatakasirika. Akianza kugomba na kulazimisha, asiambiwe lolote, na bosi apewe taarifa kabla lori halijawashwa.