Kuingiza programu kwa amri wakati bando ni dogo

Swali ninaloulizwa sana na wenzangu walioweka Ubuntu kwenye laptop zao za zamani ni hili: faili la kubofya ili kuingiza programu liko wapi? Wamezoea Windows, ambako unakwenda steshenari na flashi, unapewa Office iliyochakachuliwa, unabofya mara mbili, unarudi hosteli na programu pamoja na virusi. Kwenye Linux safari hiyo huna haja nayo. Programu nyingi zinakaa kwenye ghala moja linalotunzwa na watengenezaji wa mfumo, na njia fupi ya kulifikia ni terminali, kile kidirisha kisicho na picha ambacho watu wanakiogopa bure. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kitafunguka.

Nasoma ualimu, si kompyuta. Naandika haya kwa ajili ya wale wanaokwenda TP kwenye shule zenye kompyuta lakini zisizo na intaneti. Huko ndiko amri hizi zinalipa kweli.

Anza na hii:

sudo apt update

Neno sudo linaomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kwa hiyo utaulizwa nenosiri. Kwenye matoleo mengi ukiliandika huoni hata nukta moja ikitokea. Usidhani kibodi imekufa, andika tu hadi mwisho kisha bonyeza Enter. Naye apt ndiye karani wa ghala. Alitoka Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambao juu yake Ubuntu ilijengwa mwaka 2004. Na update, licha ya jina lake, haibadilishi programu yoyote; inaleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani, basi. Ni kama kupita Mwaloni Kirumba kuuliza bei ya dagaa ya leo kabla hujafungua pochi. Ukiiruka, karani anaweza kukujibu "Unable to locate package", yaani hakioni kifurushi unachotaka, kumbe kipo ila orodha yake ni ya zamani au haijawahi kuletwa. (Sababu nyingine ni kukosea herufi. Kagua hilo kwanza.)

Karani huyu anaongea Kiingereza na wengi wetu. Inasikitisha kidogo, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu mwaka 2004.

Sasa tuseme unafundisha jiografia na unataka Stellarium, programu inayoonyesha sayari na nyota kama zinavyoonekana kutoka mahali ulipo. Ungeweza kuandika sudo apt install stellarium na mambo yakaisha. Lakini kama unaipeleka shuleni, andika hivi kwanza:

sudo apt-get install -d stellarium

Ile -d ina maana "pakua tu, usiingize". Karani atataja vifurushi vingine vinavyohitajika, kwa sababu programu haisimami peke yake, kama mvuvi wa dagaa asivyokwenda ziwani bila wavu na taa. Halafu atakwambia ni MB ngapi zitapakuliwa na diski itatumika kiasi gani, kisha atasubiri ujibu Y au n. Hapa ndipo ninapompenda. Bumu halijatoka, bando limebaki kiduchu, na mtu anakupa hesabu kabla hajakata. Namba ikizidi uwezo wako, jibu n, hujapoteza kitu. Mtandao ukikatika katikati, rudia amri ileile. Kwa kawaida ataendelea pale alipoishia, hataanza upya.

Vifurushi vikishashuka vinakaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, majina yake yakiishia na .deb. Vinakili kwenye flashi sasa, kabla hujaingiza programu kwenye laptop yako. Hii ni muhimu: amri ya apt kwa kawaida inafuta vifurushi ilivyopakua ikishamaliza kazi, wakati apt-get inaviacha. Na programu ikishaingia kwako, ile -d haitakuwa na cha kupakua.

Ukishashuka kwenye meli Nansio, ukafika shuleni na kupata ruhusa ya mkuu wa shule, nakili folda hiyo kwenye kompyuta, ifungue, bofya kitufe cha kulia na uchague kufungua terminali hapohapo. Andika:

sudo apt install ./*.deb

Hakuna bando linalotumika. Ila kompyuta mbili hizo lazima ziwe na toleo moja la Ubuntu (amri ya lsb_release -a itakuonyesha), na ile unayopakulia isiwe imejaa programu nyingi kuliko ya shule. Karani hapakui ambacho kipo tayari kwako, hivyo kinaweza kukosekana kule. Laptop iliyowekewa Ubuntu juzi tu ndiyo nzuri kwa kazi hii. Kama yako ni ya siku nyingi, azima ya mshikaji.

Ukikutana na ujumbe wenye neno "lock", mara nyingi kompyuta inajisasisha yenyewe. Subiri dakika kadhaa ujaribu tena. Kuna wanaoshauri kufuta faili la lock ili kuharakisha, na mimi siwaungi mkono: ukifanya hivyo kazi ikiwa inaendelea, unaweza kuvuruga kumbukumbu za karani.

Amri za sudo zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ziogope zaidi ya virusi vya steshenari. Orodha ya vifurushi vya ghalani ina sahihi ya kidijitali ambayo apt huikagua. Amri uliyotumiwa na mtu haikaguliwi na yeyote isipokuwa wewe. Usipoelewa kila neno lake, usiibandike.

Wa kemia, badala ya stellarium andikeni kalzium. Mtapata jedwali radidi zima la elementi, na ukibofya elementi moja unaona taarifa zake.