Dawa Yako Si Dawa ya Mbwa Wako

Ndugu, labda unaye mbwa wa kulinda nyumba, na paka wa kufukuza panya katika mahindi. Siku moja mbwa anachechemea. Unamhurumia. Unakumbuka vidonge ulivyopewa kwa ajili ya mgongo wako, na unafikiri: vilinisaidia mimi, vitamsaidia naye. Ngoja kwanza.

Vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, vinazuia kitu ndani ya mwili kinacholeta maumivu. Lakini kitu cha namna hiyo hiyo kinalinda tumbo kwa ndani, tena kinasaidia damu kufika katika figo. Kwa hiyo mbwa aliyepewa ibuprofeni yako aweza kupata vidonda vya tumbo, akatapika damu, mavi yake yakawa meusi kama lami, na figo zikashindwa kufanya kazi. Usikate kidonge nusu ukadhani hatari imekwisha. Mwili wake hauondoi dawa hiyo kama mwili wako.

Paka ni dhaifu zaidi. Parasetamolo si ya jamii ya dawa hizo, na watu huiona kuwa dawa ya upole, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua. Ufizi wake unageuka rangi ya udongo, uso na miguu inavimba, anahema kwa shida. Usingoje kesho! Mpeleke kwa mganga wa wanyama pamoja na pakiti ya dawa, kwa maana iko dawa ya kumsaidia ikitolewa mapema.

Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa wanyama. Meloksikamu hupewa mbwa miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wake siku ya kwanza, kisha 0.1, mara moja tu kwa siku. Ndiyo sababu mganga humpima uzito kwanza. Paka asipewe kipimo cha mbwa. Mpe mbwa dawa pamoja na chakula, na maji yawepo siku zote. Usiichanganye na aspirini wala predinisoloni. Akitapika au kukataa chakula, acha dawa, urudi kwa mganga.

Na kama mganga yuko mbali? Mfunge mbwa kivulini apumzike, utazame nyayo zake. Mara nyingine mwiba ndio ugonjwa wote. Kitambaa cha maji baridi juu ya uvimbe mpya hakimdhuru. Lakini mfunge mdomo kwanza, maana hata mbwa mpole huuma akiumia.