Hesabu ya Moshi wa Shelisheli

Ukiigawa Kaunti ya Nyamira mara mbili, nusu moja inakaribia kutosha ardhi yote ya Shelisheli. Nchi hiyo ina kilomita za mraba 460 hivi, tena zimetawanyika katika visiwa 115 katikati ya Bahari ya Hindi, mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege kutoka Nairobi. Wakazi wake ni laki moja na ushei. Kisii na Nyamira peke yake, katika sensa ya 2019, zilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.8. Aliyezoea kupenya katikati ya mikungu ya ndizi Daraja Mbili, mjini Kisii, siku ya soko ataiona Victoria, mji mkuu wa nchi nzima, kuwa mahali patulivu mno. Hata hivyo, kwa hewa ya kaboni itokanayo na mafuta, mkazi mmoja wa Shelisheli ana sehemu inayopita ya Mkenya mara kumi. Yeye ana kama tani 5 kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani.

Tofauti hiyo haitokani na ubadhirifu wa watu wale. Inatokana na jinsi nchi yenyewe ilivyokaa na jinsi inavyopata riziki.

Kisiwa kikuu ni Mahe. Ni mlima uliochomoza baharini, wenye majabali makubwa na msitu hadi kileleni, na kilele chake, Morne Seychellois, kina mita 905. Kwetu milimani hicho si kimo cha kushangaza, kwa kuwa mji wa Kisii wenyewe uko juu zaidi ya hapo. Lakini mteremko ule ni mkali, kwa hiyo watu, barabara, uwanja wa ndege, bandari na mitambo ya umeme vimejibana kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Praslin na La Digue ndivyo visiwa vinavyofuata kwa watu. Mbali kusini na magharibi kuna visiwa vya matumbawe, tambarare kabisa, kama Farquhar na Aldabra yenye makobe wakubwa. Watu husema Kikrioli, Kiingereza na Kifaransa. Waafrika Mashariki wa zamani walivijua visiwa hivi kwa uchungu: Waingereza waliwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1899, kisha wakawapeleka huko, na Mwanga akafia huko.

Kwa miaka mingi wakazi waliishi kwa nazi kavu, mdalasini na vanila. Mwaka 1972 uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa Mahe, miaka minne kabla ya uhuru, na maisha yakageuka. Hoteli zilijengwa kandokando ya fukwe, watu wakaacha mashamba, na leo Benki ya Dunia inaiweka Shelisheli kati ya nchi za kipato cha juu, ngazi ambayo karibu hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyoifikia. Moshi ulipanda pamoja na kipato. Tangu 1990 hewa ya kaboni inayotolewa nchini imeongezeka mara kadhaa, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye stima na magari.

Habari ya stima inahitaji kuelezwa vizuri. Shelisheli haina mto wa kuzungusha mtambo mkubwa, haina mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, na mafuta yaliyotafutwa kwa miaka chini ya bahari yake bado hayajaanza kuchimbwa. Sisi tuna Mto Sondu, unaokusanya sehemu ya maji yake Nyamira na kuendesha kituo cha megawati 60 cha Sondu Miriu, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa sana hautokani na mafuta. Kule Mahe karibu kila taa inawashwa na jenereta za shirika la umma la PUC, na kituo kikubwa kiko Roche Caïman, ufuoni karibu na Victoria. Jenereta hizo huchoma mafuta mazito yaletwayo kwa meli. Bei ya mafuta ikipanda duniani, nchi nzima hulipa.

Umeme huo haupozi vyumba vya hoteli tu. Mvua ni nyingi Mahe, lakini mlima huyatupa maji baharini upesi na mabwawa ni madogo. Msimu wa kusi, mvua ikipungua, mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hufanya kazi kubwa, nayo hula stima. Ndiyo kusema hata maji ya kunywa yana moshi ndani yake. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo linaloonyesha ugumu wa kisiwa kuliko takwimu yoyote.

Juhudi za kubadilika zipo. Mwaka 2013 mitambo minane ya upepo, yenye megawati 6 kwa jumla, ilizinduliwa bandarini Victoria kwa msaada wa Abu Dhabi. Baadaye shamba la sola la megawati 5 lilijengwa Romainville, kisiwa kilichotengenezwa kwa kujaza bahari. Kuna pia mpango wa siku nyingi wa kuweka paneli zinazoelea juu ya maji, huko Providence, kwa sababu ardhi tambarare ni adimu na kila kipande kina mwenyewe. Shabaha iliyowekwa ni kwamba asilimia 15 ya nishati itoke kwenye vyanzo visivyoisha ifikapo 2030. Mwaka 2021 serikali iliahidi pia kwamba kufikia 2030 gesi joto zitakuwa chini kwa asilimia 26.4 kuliko zingekuwa kama hakuna kitakachofanyika. Ahadi ya namna hiyo haimaanishi moshi utapungua kuliko wa leo. Inaweza kumaanisha tu kwamba utapanda polepole zaidi. Kenya nayo iliahidi asilimia 32 kwa kipimo kilekile, kwa hiyo msomaji asiwahukumu wao peke yao.

Lakini daftari la taifa halionyeshi kila kitu. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, mafuta yanayotiwa kwenye ndege na meli za safari za kimataifa huandikwa kando, nje ya jumla ya nchi. Kwa nchi nyingi sehemu hiyo ni ndogo. Kwa Shelisheli ndiyo maisha yenyewe. Mwaka 2019 walifika wageni wapatao 384,000, zaidi ya mara tatu ya wenyeji, karibu wote kwa ndege, wengi kutoka Ulaya. Victoria pia ni bandari kubwa ya jodari, ambako meli za Kihispania na Kifaransa hushusha samaki na kujaza mafuta. Moshi wa safari hizo haumo katika zile tani 5. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, wageni walishuka hadi 115,000 hivi, na nchi ikayumba kwa kukosa fedha za kigeni. Hapo ilionekana wazi kwamba moshi usiohesabiwa ndio uliokuwa ukilipa mishahara.

Naona Shelisheli ina haki ya kudai msaada, kwani sehemu yake katika moshi wa dunia haifiki hata asilimia 0.01, na madhara yameifikia mapema. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa kabisa ya matumbawe ya visiwa vya ndani ilikufa. Aprili 2016 kimbunga Fantala kiliivunjavunja Farquhar. Desemba 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi Mahe, na watu wakafa. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Gusii tunajua udongo unavyoshuka usiku na kufunika nyumba; hapo hatuhitaji kufafanuliwa.

Ila naona pia kwamba udogo hauwezi kuwa jibu la kila swali. Mkulima wa Bobaracho, kwetu Gusii, anaambiwa kwamba ng'ombe wake wawili na kuni zake vinaongeza joto duniani, na kweli hesabu ya Kenya imeelemea kwenye mifugo na ardhi. Akiambiwa hivyo, ni haki moshi wa mgeni anayevuka mabara mawili kwenda kuogelea uandikwe kwa jina la mtu fulani pia. Mazungumzo kuhusu ndege yameachiwa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na ya meli shirika la bahari, nayo huenda taratibu mno.

Upande ambao Shelisheli imetangulia wengi ni bahari. Mwaka 2016 ilipata unafuu wa deni la dola milioni 21.6 kwa makubaliano ya kulinda bahari yake, na Machi 2020 ikatangaza asilimia 30 ya bahari hiyo kuwa hifadhi, zaidi ya kilomita za mraba 400,000, eneo linalopita thuluthi mbili za ardhi ya Kenya. Danny Faure, rais wa wakati huo, aliwahi kuihutubia dunia akiwa ndani ya nyambizi, mita 124 chini ya maji, Aprili 2019. Katika ahadi ya 2021 nchi ilijumuisha mikoko na nyasi za bahari, ambazo huzika kaboni kwenye tope kwa muda mrefu sana: nusu ya nyasi na mikoko hiyo kulindwa kufikia 2025, na yote kufikia 2030. Kazi ya kupima nyasi hizo ilifanywa kwa picha za setilaiti na kwa wapiga mbizi, ghuba baada ya ghuba, ili ziingizwe katika hesabu ya gesi za taifa.