Nyumba ya Utamaduni Bondeni: Tuwaulize Kwanza Wanaoyajua Maji

Mwanzo wa ngoma ni lele. Je, mwanzo wa nyumba ya ngoma ni nini? Wengi watajibu ya kuwa ni fedha, saruji na mabati. Sisi twasema kwamba, katika nchi inayofunikwa na maji, mwanzo wake ni swali moja lipasalo kuulizwa wazee wa mahali pale: "Maji yalifika wapi?"

Twaliuliza swali hili tukilitazama bonde la Rufiji. Mto ule hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, kisha huyamwaga katika Bahari ya Hindi kupitia delta yenye msitu mkubwa wa mikoko. Masika yakizidi, mto hupanda kingo zake na kutanda mashambani. Maji yale yale yabomoayo nyumba ndiyo yaletayo tope lenye rutuba. Mpunga hukua maji yakiwapo. Nayo yakishuka, mkulima hupanda mlau, yaani mahindi na kunde, kwa unyevu ulioachwa ardhini. Kwa hiyo Mrufiji hayahesabu maji kuwa adui mtupu. Huyahesabu kuwa mgeni ajaye na mizigo miwili, mmoja wa heri na mmoja wa shari.

Mwaka 1968 mgeni huyo alikuja na shari kubwa. Baada ya mafuriko yale, katika miaka ya 1968 na 1969, watu wengi walihamishwa kutoka bondeni wakapelekwa kwenye nchi ya juu, mahali kama Ikwiriri. Huko ilikuwa rahisi zaidi kuwafikishia shule, zahanati na barabara, na faida hiyo hatuikani. Lakini watu walihamishwa, udongo haukuhamishwa. Mashamba yalibaki chini, na wakulima waliendelea kuyarudia, wakilala majira mazima katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili kulinda mazao na kuyaepuka maji.

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115 za umeme, lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, wako waliodhani ya kuwa habari ya mafuriko imekwisha. Masika ya mwaka 2024 yaliwajibu. Vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa, na watu wengi wakayakimbia makao yao.

Basi, ikiwa leo wananchi wa bonde kama hilo watataka nyumba ya utamaduni, ijengwe namna gani? Sote tumepata kuyaona majumba ya kawaida: kuta nne za saruji kando ya barabara kuu, mlango mmoja, kufuli moja, na ufunguo ukaao kwa mtu asiyejulikana aliko. Nyumba ya namna hiyo haina faida kwa kijana ashindaye shambani wala kwa bibi ajuaye nyimbo za kuamia ndege. Na jambo lililo hatarini si nyimbo peke yake. Maarifa ya kusoma dalili za mto, kuchagua mahali pa kusimamisha dungu na kupiga kafi katika mkondo mkali yamo vichwani mwa wazee. Yasipopata mahali pa kufundishwa, masika makubwa yajayo yatawakuta vijana mikono mitupu.

Wenzetu wa Bangladesh, ambao nchi yao ni bonde la mito mikubwa, wametuachia mifano miwili. Karibu na Gaibandha kilimalizika mwaka 2011 kituo cha mafunzo kilichojengwa kwa matofali ya mahali pale. Kwa kuwa kuliinua jengo lote juu ya maji kungalikula sehemu kubwa ya fedha, msanifu wake, Kashef Chowdhury, aliuzungusha uwanja kwa tuta la udongo, akayafunika mapaa kwa nyasi. Huko South Kanarchor, Saif Ul Haque alijenga kwa mianzi shule ambayo mapipa ya chuma huielekeza juu maji yapandapo. Yashukapo, hutua ardhini. Majengo yote mawili yalipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, la kwanza mwaka 2016 na la pili mwaka 2019.

Lakini tujihadhari na kuiga. Huko Makoko, mtaa wa wavuvi mjini Lagos, shule ielewayo majini ilisimamishwa mwaka 2013 ikasifiwa duniani kote. Juni 2016 ilianguka baada ya mvua kubwa. Sifa za mbali hazishikilii nguzo.

Kwa Rufiji, mwalimu wa kwanza ni dungu lenyewe. Nyumba isimame ukingoni mwa bonde, mahali ambapo njia ya mashamba hukutana na nchi ya juu, wala isiwe katika mkondo. Alama za maji ya 1968 na 2024 zipimwe, na sakafu ikae juu ya alama iliyo kubwa kuliko zote. Chini ya sakafu pawe wazi, maji yapite bila kuzuiwa. Wakati wa kiangazi pawe kivuli cha kusukia mikeka na kutengenezea mitumbwi. Nguzo zizamishwe sana, kwa maana mkondo huchimba udongo miguuni mwake. Ngoma ichezwe uwanjani chini, kwani miguu mia ikikanyaga kwa pamoja hutikisa sakafu ya juu. Hata hivyo sakafu hiyo itiwe mihimili ya mshazari, maana siku ya mafuriko itabeba watu, mbegu na vitabu. Choo kiinuliwe, na matangi ya maji ya mvua yawe juu, ili kipindupindu kisije nyuma ya maji. Ngazi nayo iwe pana, mtumbwi uweze kufungwa kwayo.

Huenda mtu akasema ya kuwa kujenga karibu na maji ni kuwaita watu kwenye hatari. La hasha. Watu wako kule tayari, kwa sababu chakula chao kiko kule. Hatari ni kuwaacha huko bila mahali pa kukimbilia.

Neno la mwisho ni kwenu, wanachama na wafanyakazi, hasa nyinyi mliozaliwa mabondeni na sasa mwafanya kazi mjini. Mkichanga fedha kwa ajili ya nyumba ya kwenu, msitangulize bati. Mtangulizeni seremala akae na wazee, achore pamoja nao, na kamati ya kijiji ishike ufunguo. Kisha msiiache kazi njiani, kwani maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.