Uzembe hospitalini: kabla hujamlipa wakili

Familia nyingi nchini Kenya zikiumizwa hospitalini huanza kwa kuuliza wakili anatoza pesa ngapi. Wana sababu. Mara nyingi mchango wa kulipa bili ndio kwanza umeisha, na jamaa wamechoka kuchangishwa. Lakini katika madai ya uzembe wa kimatibabu, ada ya wakili si jambo la kwanza la kulinganisha. La kwanza ni daktari wa upande wako. Je, yupo bingwa wa fani hiyohiyo aliye tayari kusoma faili na kuandika kwamba mwenzake alifanya jambo ambalo daktari mwenye ujuzi wa kawaida asingelifanya, na kwamba hilo ndilo lililoleta madhara? Mahakama hudai yote mawili: kosa, na kosa hilo kuwa chanzo cha madhara. Kama huna ripoti hiyo, wakili wa bei nafuu na wa bei ghali wote watakufikisha palepale.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye faili. Omba nakala kwa barua, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo. Taka faili nzima: kadeksi ya wauguzi, fomu ya ridhaa ya upasuaji, chati ya nusukaputi, majibu ya maabara. Muhtasari wa kuruhusiwa kwenda nyumbani hautoshi, maana huandikwa mambo yakiwa yamekwisha. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zinazokuhusu. Hospitali ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huhitaji wakili, na sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa. Karatasi muhimu kuliko zote ni patografu, chati ya ukurasa mmoja ambayo muuguzi hujaza mama akiwa katika uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto huwekewa nukta kila nusu saa, na njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa 4. Tuseme mama alifika saa mbili usiku, akaingizwa chumba cha upasuaji saa kumi alfajiri, na kati ya saa tano na saa tisa karatasi ni nyeupe, haina nukta hata moja. Bingwa wa uzazi akiona pengo hilo ana la kuandika. Lakini yawezekana pia chati imejaa, kila dalili ilifuatwa, na mtoto akaumia vivyo hivyo. Hapo ripoti itasema hakukuwa na uzembe. Inauma kuisoma, ila afadhali kuisoma sasa kuliko baada ya miaka mitano ya kupanda na kushuka ngazi za korti. Mimi ningelipia ripoti hiyo kabla ya kutoa amana yoyote ya kesi.

Zipo kesi zisizo na fumbo. Pamba ya upasuaji ikisahaulika tumboni, hospitali ndiyo itakayotakiwa kueleza ilifikaje humo. Kesi ya namna hii ni fupi na nafuu zaidi, na wakili anayekutajia ada ileile ya kesi ya ubongo wa mtoto anastahili kuulizwa kwa nini.

Njia isiyo na gharama kubwa ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lenye makao yake Nairobi. Unaandika malalamiko mwenyewe kwa lugha ya kawaida, unaambatisha nakala zako, na Kamati ya Nidhamu na Maadili inayashughulikia. Kwa muuguzi utakwenda Baraza la Wauguzi, na maafisa wa kliniki nao wana baraza lao. Gharama yako kubwa hapa ni nauli na muda. Baraza linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha, kumfuta kwenye daftari au kuchukulia hatua hospitali yenyewe. Kwa mtu anayetaka ukweli ujulikane na wengine wasiumizwe, njia hii inatosha, na sioni sababu ya kumsukuma kortini. Ila Baraza si mahali pa kutegemea fidia. Litakalokupa ni uamuzi ambao wakili wako anaweza kuupeleka mbele ya hakimu, na upande wa pili ukaanza kuzungumza.

Hapa ndipo watu wengi huangukia. Kupeleka malalamiko kwa Baraza hakusimamishi hesabu ya muda wa kesi. Sheria inakupa miaka 3 kumshtaki daktari au hospitali ya kibinafsi. Dhidi ya serikali muda ni miezi 12 tu, na wakili makini atahesabu hivyohivyo kwa hospitali ya kaunti. Mtu anasubiri barua ya Baraza kwa subira, barua inakuja, kumbe mlango wa korti umeshafungwa. Kuomba nyongeza ya muda kunawezekana kama hukuweza kujua mambo ya msingi mapema, lakini hilo nalo ni ombi la kulipiwa, na laweza kukataliwa. Wala usijiambie kwamba mtoto ana nafasi hadi atimize miaka 18, kwani sheria ina masharti yake kwa mtoto aliye mikononi mwa mzazi. Peleka malalamiko kwa Baraza na umwone wakili mwezi huohuo.

Kesi yenyewe hufunguliwa kwa hakimu ikiwa fidia inayodaiwa haizidi kiwango chake. Hakimu mkuu husikiza madai ya hadi shilingi milioni 20, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kama mgonjwa amefariki, lazima kwanza familia ipate kibali cha korti cha kusimamia mali ya marehemu, hata kama ni cha kufungulia kesi tu.

Sasa ada. Mitandaoni watu husoma kuhusu mawakili wasiolipwa mpaka washinde. Marekani wakili huchukua sehemu ya fidia, kwa kawaida kama theluthi moja. Uingereza mpango huo upo pia, na tangu 2013 nyongeza ya ushindi katika kesi za majeraha haiwezi kupita asilimia 25 ya sehemu maalumu ya fidia. Kenya ni tofauti: kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano ya kumlipa wakili pale tu kesi inaposhinda. Anayekuahidi hivyo kwa mdomo anakuahidi kitu ambacho hamtaweza kukisimamisha mbele ya korti mkigombana. Unachoweza kupatana kihalali ni kiasi maalumu, kwa maandishi, ukitia saini, na kulipa kwa awamu. Ada ya chini imewekwa na kanuni kulingana na thamani ya dai, kwa hiyo punguzo lina mwisho wake.

Uliza pia kiasi unachotajiwa kina nini ndani. Ada ya 300,000 ikiongezwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 inakuwa 348,000, na bado hujalipia kufungua kesi, nakala, mpeleka hati, wala bingwa atakayeacha kliniki yake kuja kutoa ushahidi na kuhojiwa. Bingwa huyo hulipwa ushinde usishinde.

Ukishinda, aliyeshindwa huamriwa akulipe gharama. Lakini gharama hizo si zote unazodaiwa na wakili wako. Kwa kanuni za ada, anachoweza kukudai wewe mteja ni nusu zaidi ya kile kinacholipwa na upande wa pili, na pengo hilo hutoka kwenye fidia yako. Ukishindwa, waweza kuamriwa kulipia wakili wa hospitali. Hili mwulize wakili siku ya kwanza. Akilipita haraka, tafuta mwingine.

Ipo njia nyingine ikiwa uliotendewa ni unyama wa wazi katika hospitali ya umma: ombi la kikatiba. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, na video yake ikasambaa. Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Kesi ile ilikuwa na mashirika ya haki nyuma yake, na kwa mtu asiye na kitu, mlango wa shirika kama hilo au wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ni wa kubishwa mapema. Ombi la namna hii halifai kwa kosa la kawaida la kitaalamu. Korti huwarudisha watu kwenye kesi ya madai.

Mara nyingi kabla ya hukumu bima ya daktari au hospitali huleta kiasi mezani. Usikikatae kwa hasira wala usikichukue kwa dhiki. Mwambie wakili akuandikie kwenye karatasi moja: kinacholetwa, toa ada na ushuru, toa malipo ya bingwa, kinabaki ngapi mkononi; kando yake, makadirio ya hukumu na miaka ya kungoja. Kwa mtoto anayehitaji mazoezi ya viungo na dawa kila mwezi, hesabu lazima ifike utu uzima wake. Mapatano ya dai la mtoto huhitaji pia kuidhinishwa na korti, hata kama wazazi wote wawili wameridhika na wametia saini.